Je, Mwepu Alikosea? Turudi Kwenye Mechi ya 1974



Juzi tulikuwa Kalundu, tunangojea boti. Rafiki akatuonyesha kwenye simu ile video ya Zaïre na Brazil. Mnaijua: Brazil wanajiandaa kupiga mpira wa adhabu, filimbi inalia, Mwepu Ilunga anachomoka kwenye ukuta na kuubutua mpira mbali. Tulicheka sana. Nikaituma kwenye kundi letu na kuandika: "Huyu hakujua sheria!"

Muzee mmoja aliyekuwa anashona wavu akaniuliza: "Weye si ulisoma historia? Wakati ule ilikuwa ngapi kwa ngapi?"

Sikujua. Nikaona haya, nikaenda kutafuta.

Ilikuwa tarehe 22 Juni 1974, Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi. Timu ile haikuwa ya kuokota barabarani. Mwezi wa tatu mwaka ule ilichukua Kombe la Afrika kule Misri, na Mulamba Ndaye akafunga mabao 9. Mwepu mwenyewe alikuwa beki wa Mazembe. Mtu kama huyo akose kujua mpira wa adhabu unapigwa na nani?

Kwenye Kombe la Dunia walifungwa kwanza na Scotland 2-0. Kisha, tarehe 18 Juni, Yugoslavia wakawafunga 9-0. Siku ile mwamuzi alimfukuza Ndaye eti amempiga teke, lakini baadaye Mwepu alisema ni yeye aliyempiga. Kumbe hata mwamuzi alikosea!

Wachezaji walisimulia baadaye kwamba kabla ya mechi hiyo walisikia hawatalipwa, wakataka kugoma. Baada ya zile 9, walinzi wa Mobutu walifika hotelini na onyo: Brazil wakiwafunga 4, musirudi nyumbani.

Sasa tuangalie ile video tena. Bao la tatu la Brazil liliingia dakika ya 79. Mpira ule wa adhabu ulikuja dakika chache baadaye. Ilikuwa 3-0, lilibaki bao moja tu kufikia lile onyo.

Wengi wanaishia hapo: ilikuwa woga. Lakini Mwepu mwenyewe alieleza jambo lingine. Alisema sheria alizijua, alifanya makusudi, kwa sababu hakuona faida ya kuendelea kuumia uwanjani wakati wenye kula pesa wamekaa wanatazama. Akapewa kadi ya njano tu.

Woga ao hasira? Mimi naona vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ila ujinga, hapana. Ule ulikuwa wa kwangu, niliyehukumu maisha ya mtu kwa sekunde chache za video.

Nilirudi Kalundu kumweleza muzee. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na kule kwenye kundi, umewaambia?"

Ndiyo maana naandika. Ninyi munasemaje?