Kivinjari Chako Kinajitambulisha kwa Jina la Nani?

Ukibisha hodi kwa watu, lazima uulizwe: nani? Mtandaoni kivinjari chako ndicho kinachokujibia, tena kinajieleza kabla hakijaulizwa.

Utambulisho huo ulianza kuharibika mapema. Netscape walipotoa kivinjari chao mwaka 1994, kilijitaja kwenye kila tovuti kwa jina la Mozilla. Kwa kuwa kilikuwa na uwezo kuliko vingi vya wakati huo, wenye tovuti wakawa wanakipa kurasa nzuri, vingine vinaambulia makombo. Microsoft walipoingia sokoni na Internet Explorer mwaka 1995, nao wakaona isiwe tabu: wakakifundisha kujiita Mozilla. Safari ikafuata, kisha Chrome. Netscape imeshazikwa zamani, lakini mpaka leo Chrome ikibisha hodi inasema ni Mozilla, halafu humo humo inajitaja na Safari!

Ungedhani kwa uongo wote huo tumejificha vizuri. Wapi. Jina linadanganya, umbo linasema kweli. Tovuti inaweza kujua upana wa skrini yako, majira ya saa ya mahali ulipo, fonti ulizonazo, lugha unayopendelea. Kila kimoja peke yake hakina maana. Vikiunganishwa, ni alama ya kidole. Mwaka 2010 Peter Eckersley wa shirika la EFF la Marekani alipima vivinjari vipatavyo 470,000, akakuta zaidi ya asilimia 83 havina pacha katika kundi lile. Vidakuzi, alivyobuni Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994, angalau unaweza kuvifuta. Umbo utalifutaje?

Tena anayejipamba kwa programu za kujificha huweza kuonekana zaidi, kama mtu aliyevaa barakoa sokoni. Ndiyo maana Tor Browser imechukua njia nyingine: inajitahidi watumiaji wake wote wafanane.

Hapo ndipo na mimi nilipojishtukia. Simu yangu nimeiweka Kiswahili, kwa mapenzi tu ya lugha. Kumbe kila tovuti ninayofungua hupelekewa herufi mbili, "sw", na popote ambapo wengi wamebaki na Kiingereza, herufi hizo mbili zinanichomoa kwenye umati. Nirudi kwenye Kiingereza ili nisionekane? Nimelifikiria sana hilo, wasomaji wenzangu. Bado simu inanisalimia kwa Kiswahili, ila sasa najua inanitaja.