Kamera ya Dijitali ya Kipima-Umbali na Mnunuzi wa Pili

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila mtu ashikaye kwa mara ya kwanza kamera ya dijitali ya kipima-umbali iliyokwisha kutumiwa na mwingine. Kwa nje kamera hiyo hupendeza: ni ndogo lakini nzito, na sura yake ni ile ile ya kamera za miaka ya 1950. Hata hivyo thamani yake haijulikani kwa mtazamo wa kwanza, maana mwili wake mmoja umebeba vitu viwili visivyozeeka kwa mwendo mmoja. Asili ya jambo hili imo katika historia yake.

Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, aliunda kamera ndogo ya kutumia filamu ya sinema kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kupamba moto. Mwaka 1925 kamera hiyo ilitolewa sokoni kwa jina la Leica. Mpiga picha wa siku zile alilazimika kukisia umbali. Mwaka 1932 ilitokea Leica iliyounganisha lenzi na kipima-umbali. Chombo hiki hutazama kitu kimoja kupitia madirisha mawili yaliyoachana, hata jicho likaona sura mbili za kitu hicho. Mpiga picha huzungusha lenzi mpaka sura hizo zikutane zikawa moja. Hapo hujua kwamba picha itatoka wazi. Mwaka 1954 kamera ya Leica M3 ilileta kishikio kipya cha lenzi, ambacho kimedumishwa katika kamera za ukoo huo hadi leo.

Zama za dijitali zilipowadia, ukoo huu ulipata shida. Lenzi zake hukaa karibu sana na mahali pa filamu, na nuru hufika pembeni kwa mshazari. Filamu haikudhurika sana kwa hilo, lakini kihisi, yaani kipande cha silikoni kinachopokea nuru badala ya filamu, hupenda nuru inayokuja wima. Kampuni ya Epson ya Japani ndiyo iliyotangulia, mwaka 2004, kwa kamera ya R-D1 yenye pikseli milioni 6. Ilikuwa na mkono wa kuvutwa kwa kidole gumba baada ya kila picha, ingawa haikuwa na filamu ya kusogezwa. Mkono huo ulitega pazia la kamera tu. Mwaka 2006 ikafuata Leica M8 yenye pikseli milioni 10. Kioo kilichofunika kihisi chake kilifanywa chembamba ili kipunguze madhara ya nuru ya mshazari. Kwa hiyo miali ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ilipenya, na baadhi ya nguo nyeusi zikatoka na rangi ya zambarau. Kampuni ikalazimika kuwapa wanunuzi vichujio vya kuvika lenzi. Mwaka 2009 ilitoka M9, yenye pikseli milioni 18, na kihisi chake kilikuwa sawa na picha ya filamu, milimita 24 kwa 36.

Mnunuzi wa pili wa M9 huvutwa na mambo mengi siku ya kwanza. Hufungua kitako cha kamera kama walivyofanya waliotia filamu zamani, na ndani akakuta betri na kadi ya kumbukumbu. Akitia lenzi iliyotengenezwa mwaka 1954, hupata picha safi saa ile ile. Kioo cha nyuma ni hafifu kwa macho yaliyozoea simu za siku hizi, lakini kosa hilo husameheka upesi.

Lisilosameheka limefichika. Katika kamera nyingi za M9 kioo kinachofunika kihisi kililiwa na unyevu kwa muda wa miaka. Dalili yake huonekana mtu akipiga picha ya mbingu nyeupe, tundu la lenzi likiwa limefinywa hadi alama ya 16: hutokea madoa madogo yenye duara hafifu kuyazunguka. Vumbi hupanguswa likatoka. Madoa haya hayatoki. Kampuni ilibadilisha vihisi vilivyoharibika kwa miaka kadhaa, mpaka akiba yake ikaisha mwaka 2020. Tangu hapo kamera isiyokwisha kutengenezwa yataka uangalifu mkubwa.

Hapa ndipo tofauti kati ya zama mbili inapodhihirika. Kamera ya M3 haikuwahi kuzeeka mahali pa kupokea nuru, kwa kuwa kila mkanda wa filamu ulileta uso mpya. Mtu aliyeinunua baada ya wengine watatu alipata kitu kile kile alichopata wa kwanza. Kamera ya dijitali ina uso mmoja kwa maisha yake yote, na mnunuzi wa pili hununua sehemu ya umri iliyosalia. Kinachodumu ni lenzi na ule ufundi wa sura mbili kuwa moja. Basi mwenye busara huweka fedha yake nyingi katika lenzi, akapiga picha ya mbingu kabla ya kulipia kamera.