Nyiragongo: wageni walipanda na kushuka, sisi tunabaki

Kwa miaka mingi wageni kutoka Ulaya na Marekani walikuja Goma kutafuta hatari. Walianzia Kibati, wakapanda kwa mguu karibu saa tano pamoja na walinzi wa mbuga ya Virunga wenye silaha, wakalala juu, mita 3,470, wakitazama ziwa la moto likichemka. Asubuhi walishuka na kwenda zao.

Sisi wakaaji tulibaki. Tarehe 10 Januari 1977 mlima ulipasuka ubavuni, na ziwa lile likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Wengi vijijini hawakuwahi kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia katikati ya Goma na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Mamia ya maelfu ya watu walivuka kwenda Rwanda. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena usiku, ikasimama Buhene.

Vita pia vilifika mbugani. Mei 2018 mlinzi mmoja aliuawa na Waingereza wawili wakatekwa, kisha wakaachiliwa. Watalii walisimamishwa hadi Februari 2019. Mtalii akiona hatari imezidi, hubadilisha safari. Lakini mwaka wa 2022 familia zilizokimbia vita Rutshuru zilijenga vibanda vya maturubai Kanyaruchinya, chini ya mlima huo huo, juu ya mawe ya lava.

Wazee waliookoka 1977 na 2002 wangali nasi. Ndugu wasikilizaji, kaeni nao, muwaulize walipita njia gani.