Darasa, Daraja, Tabaka na Ngeli: Historia ya Kupanga Watu na Vitu

Dhana ambayo lugha nyingi za Ulaya huieleza kwa neno moja lililotokana na Kilatini, *classis*, Kiswahili huigawia maneno manne: darasa la wanafunzi, daraja la cheo au la huduma, tabaka la kijamii, na ngeli ya nomino au ya viumbe. Historia ya maneno haya inaonyesha kuwa hakuna upangaji usiotanguliwa na kipimo, na kwamba mwenye mamlaka ya kuteua kipimo ndiye anayeamua nani awe juu na nani awe chini.

Kwa mapokeo ya Warumi, mfalme Servius Tullius, aliyetawala katika karne ya 6 KK, ndiye aliyewapanga raia katika makundi matano kwa kadiri ya mali zao, nayo mali hiyo iliamua silaha ambazo kila raia alipaswa kujinunulia na uzito wa kura yake. Baraza lilipiga kura kwa senturia, yaani vikosi vya wapiga kura, ambavyo jumla yake ilikuwa 193; wapanda farasi walikuwa na senturia 18 na kundi la kwanza 80, hivyo matajiri walipokubaliana walifikisha kura 98 na shauri likaisha kabla maskini hawajaitwa. Wasio na mali waliitwa *proletarii*, yaani watu ambao mchango wao kwa dola ulikuwa watoto wao tu, nao walirundikwa katika senturia moja.

Kutoka kwenye hesabu hiyo ya raia, neno *classis* liliingia shuleni, kwani katika karne ya 1 BK mwalimu Quintilian alieleza jinsi walimu wake walivyowagawa wavulana katika makundi kwa kadiri ya uwezo wao. Mwaka 1735 Carl Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Uswidi, alilitumia kuwagawa wanyama wote katika makundi makuu sita, na katika biolojia ya Kiswahili kundi la namna hiyo huitwa ngeli, kama ngeli ya mamalia.

Neno ngeli, ambalo wanasarufi hulinasibisha na Kihaya kwa maana ya aina ya kitu, limejulikana zaidi katika sarufi, ambako kubadilika kwa kipimo kumebadili makundi yenyewe. Wanasarufi wa awali waliziainisha nomino kwa viambishi vya umoja na wingi, wakaliweka neno kipofu pamoja na kiti. Waliofuata walitumia upatanisho wa kisarufi, na kwa kuwa husemwa kipofu amefika lakini kiti kimevunjika, maneno hayo mawili yakatenganishwa.

Darasa, daraja na tabaka yana asili ya Kiarabu: la kwanza linahusu kusoma, la pili ngazi, na la tatu vitu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Katika karne ya 9 mwanahistoria Ibn Sa'd alilitumia neno tabaka kwa vizazi vya masahaba wa Mtume Muhammad na waliowafuata, ambako kipimo kilikuwa wakati, si mali. Karne nyingi baadaye, mwanafalsafa Mjerumani Karl Marx alikifanya kipimo kuwa umiliki wa njia za uzalishaji mali, ingawa sura ya matabaka katika juzuu ya tatu ya *Das Kapital*, iliyochapishwa mwaka 1894 baada ya kifo chake, ilikatika kabla ya kukamilika. Naye mwanasosholojia Max Weber alitenganisha nafasi ya mtu katika soko na heshima anayopewa na jamii.

Mjadala huo ulipofika Tanganyika, Julius Nyerere, kiongozi wake wa kwanza, aliandika mwaka 1962 kwamba alitilia shaka kama lugha yoyote ya asili ya Afrika ilikuwa na neno la tabaka, kwa sababu jamii za jadi hazikuwa na wazo hilo. Hata hivyo, pwani ilikuwa imewatofautisha waungwana na watumwa kwa karne nyingi, na huko Buhaya, kaskazini-magharibi mwa nchi, mfumo wa nyarubanja uliwafanya wakulima kuwa wapangaji katika ardhi ya mabwana. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, lilijaribu kuzuia tabaka jipya lisizaliwe, likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha. Mwaka 1976 Issa Shivji, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alidai katika kitabu chake kuhusu mapambano ya kitabaka nchini kuwa tabaka hilo lilikuwa limekwisha kuota ndani ya dola yenyewe, miongoni mwa warasimu waliosimamia mali ya umma.

Hoja hiyo haikufuta lengo la usawa, bali ilionyesha kuwa usawa haulindwi kwa kukana kuwapo kwa matabaka. Mwanasarufi akibadili kipimo, nomino huhamishwa bila yeyote kudhurika; lakini vipimo vya jamii, iwe ni ada ya shule, hati ya ardhi au cheo serikalini, huamua maisha ya watu, na kwa sababu hiyo vinapaswa kuwekwa wazi na kuhojiwa na wale wanaopimwa kwavyo.