Kifungo cha miaka 10 kinavyogeuka faini katika kesi za vifo barabarani

KIFUNGU cha 46 cha Sheria ya Trafiki (Sura ya 403) kinasema kwamba dereva anayesababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari anaweza kufungwa gerezani kwa muda usiozidi miaka 10. Mahakama pia hutakiwa kufuta leseni yake na kumzuia kupata nyingine kwa miaka mitatu, ikihesabiwa tangu siku ya hukumu au, akifungwa, tangu anapomaliza kifungo.

Hata hivyo, jamaa wengi wa marehemu huondoka kortini wakiwa wamesikia faini ikitajwa, wala si jela. Wanaamini kwamba hakimu amehongwa. Huenda ikawa hivyo katika baadhi ya kesi, lakini mara nyingi chanzo kimo katika sheria yenyewe.

"Muda usiozidi" si sawa na "muda usiopungua". Kifungu cha 46 hakiweki kiwango cha chini cha kifungo, na pasipo na kiwango hicho, kifungu cha 26 cha Kanuni ya Adhabu (Sura ya 63) humruhusu hakimu kutoza faini badala ya kifungo. Dereva aliyekiri kosa, asiye na rekodi ya uhalifu na mwenye watoto wanaomtegemea, anaweza kupata nafuu hiyo bila mtu yeyote kukiuka sheria. Ile miaka 10, ambayo magazeti hupenda kuitaja mshtakiwa anapofikishwa kortini, ni dari tu.

Kesi nyingine hudhoofika kabla ya kufika hapo. Basi linapoanguka, abiria walionusurika hutawanyika hadi makwao, na miaka miwili baadaye ni vigumu kuwarejesha mbele ya hakimu mamia ya kilomita kutoka wanakoishi. Michoro ya eneo la ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari ikiwa na kasoro, upande wa mashtaka hubaki na kosa dogo la kuendesha gari bila uangalifu.

Si kwamba serikali haijawahi kukaza kamba. Kanuni zilizochapishwa mwaka wa 2003 na Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, na kuanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama na mstari wa manjano kwenye matatu. Mwaka wa 2012 Bunge liliongeza adhabu za makosa kadhaa ya trafiki na kuunda mamlaka ya NTSA. Lakini kanuni hizo husimamiwa barabarani, na huko ndiko "kitu kidogo" hupita kutoka mkono wa utingo hadi wa afisa wa polisi, abiria wote wakitazama.

Ajali ya Londiani ya Juni 30, 2023 iliua zaidi ya watu 50 lori lilipowagonga wachuuzi na wasafiri kando ya barabara. Takwimu za NTSA zinaonyesha kwamba mwaka huo zaidi ya watu 4,300 walifariki barabarani, na mwaka wa 2024 zaidi ya 4,700. Watembea kwa miguu ndio wengi.

Kupungua kwa imani kuna dalili zake. Gari linapomgonga mtu, si ajabu umati kuliteketeza kabla ya polisi kufika, na madereva wengi hukimbilia kituo cha polisi kwa kuhofia maisha yao. Mtu asiyetarajia lolote kutoka kortini hujihukumia papo hapo.

Jambo ambalo familia nyingi hazielezwi ni kwamba hata hukumu nyepesi ina uzito wake. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inawapa haki ya kusikizwa kabla ya adhabu kutolewa. Aidha, chini ya kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, muda wa rufaa ukishapita, dereva aliyepatikana na hatia hawezi kukana kosa hilo katika kesi ya fidia, hata kama alilipa faini na kwenda zake. Kampuni ya bima hailazimiki kulipa zaidi ya Sh3 milioni kwa kila mlalamishi. Kinachozidi hapo hudaiwa mwenye gari mwenyewe.