TREKTA KUUKUU NA MAFUNDI WA NYUMBANI KATIKA KILOSA NA MIKUMI

Katika kijitabu cha ukumbusho kama hiki ni desturi kueleza habari za mavuno, mizani, maghala na viongozi. Hayo yamekwisha andikwa katika kurasa nyingine, wala hatuna haja ya kuyarudia. Sisi tumepewa nafasi tueleze habari za chombo ambacho hakikupigwa picha ya jalada, ijapokuwa majembe yake ndiyo yaliyofungua mashamba ya wanachama wengi: trekta kuukuu, ile ambayo wazee waliiita tingatinga, ifunguliwayo uani chini ya mwembe na fundi ambaye pengine hakupata kukanyaga chuo cha ufundi.

Mtu asiyelima huenda akaliona jambo hili kuwa dogo. Lakini mkulima wa bonde la Kimamba au wa mbuga za Mkata ajua kwamba udongo mweusi haumngoji mtu. Kabla ya mvua za kwanza ni mgumu kama tofali. Mvua zikishika hugeuka tope linalomeza magurudumu. Kati ya hali hizo mbili zipo siku chache tu za kulima vema, na injini ikifa katika siku hizo mwenye shamba amekwisha poteza mwaka. Ndiyo maana twasema kwamba historia ya kilimo chetu haiwezi kuandikwa bila ya kuwataja watu wa spana.

Injini zilitangulia kufika Kilosa kuliko trekta. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910, na katikati ya miaka hiyo ikapita Kilosa. Pamoja na reli yalistawi mashamba ya mkonge, na kila shamba kubwa la mkonge lilihitaji mtambo wa kukwangulia majani, uitwao korona, na injini ya kuuendesha, na karakana ya kuutengeneza. Katika karakana hizo ndimo vijana wetu walimoanza kujifunza. Kijana aliajiriwa kushika taa na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Hakufundishwa neno, ila macho yake hayakuzuiwa. Akitoka jioni alikwenda zake na elimu ambayo mwajiri hakukusudia kumpa.

Kisha likaja jambo la Kongwa, upande wa pili wa milima ya Ukaguru. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilimtuma Bwana John Wakefield na wenzake kutazama kama karanga zaweza kulimwa kwa mashine katika Tanganyika. Mpango uliokubaliwa ulikuwa wa kufungua zaidi ya ekari milioni tatu kwa gharama ya pauni milioni 25. Trekta mpya hazikupatikana kwa wingi, basi zikanunuliwa zile zilizoachwa na majeshi huko Philippines. Na nyingine, zilizoitwa Shervick, ziliundwa kutokana na vifaru vya vita vya Sherman. Kazi ilianza mwaka 1947. Mwaka huo zilikusudiwa kulimwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Kabla ya mwaka kwisha theluthi mbili za trekta zilizoletwa zilikuwa zimekwisha haribika. Mchanga wa Kongwa ulikula majembe, na ardhi ilipokauka ikawa kama saruji. Mwezi wa Januari 1951 mpango ulitangazwa kuwa umekwisha, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa katika vitabu.

Wengi wamekwisha andika juu ya Kongwa kwa kicheko. Sisi twaikumbuka kwa sababu nyingine. Trekta zile zilikuwa nyingi, tena zilikuwa za namna mbalimbali, nazo zilinunuliwa kabla ya kuwako mafundi wa kutosha, vipuri vya kutosha na karakana iliyo tayari. Mashine ikavunjika kwa kitu kidogo, ikalala ikingoja kitu hicho kidogo kitoke ng'ambo. Na tuseme wazi: kosa hilo halikufanywa na Waingereza peke yao. Baada ya Uhuru, vijiji vya makazi mapya vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1963 vilipewa mashine kubwa, na mwaka 1966 mpango huo ukaachwa kwa sababu gharama zilishinda mapato. Hata wenzetu wa ushirika wa Usukumani, katika Shirikisho la Victoria, walijaribu kulima pamba kwa trekta za pamoja katika miaka ya 1960, wakaona kwamba trekta ya watu wote huwa haina mtu wa kuitazama mafuta yake asubuhi.

Jambo lililobaki Kongwa baada ya pauni zote hizo ni mikono. Watu wengi wa nchi hii walijifunza pale kuendesha na kufungua mashine, na mpango ulipokufa wakatawanyika, kila mmoja na ujuzi wake. Upande wetu, mashamba ya miwa ya Kilombero, ambayo sehemu yake ya Ruhembe imo katika wilaya ya Kilosa, yaliongeza shule nyingine ya namna hiyo. Na tawi la reli kutoka Kilosa kupitia Mikumi lilipofika Kidatu mwaka 1965, vyuma na watu vilipata njia nyepesi ya kusafiri.

Miaka ya shida ndiyo iliyomfanya fundi wa nyumbani kuwa mtu wa lazima. Bei ya mkonge ilikuwa imekwisha anguka kwa ajili ya kamba za nailoni; mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitwaliwa na Serikali; mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, visirudishwe mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1982. Vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979 vilimaliza fedha za kigeni. Dukani hapakuwa na ringi za pistoni wala gasketi. Trekta za mashamba zikaegeshwa. Nyingine zikauzwa kama vyuma chakavu, na walionunua walikuwa mara nyingi wale wale waliokuwa wakizitengeneza. Hivyo ndivyo trekta ilivyohama kutoka karakana ya shamba kubwa ikaja kulala uani kwa mtu.

Injini ijulikanayo sana na mafundi hao ni ya Perkins yenye silinda tatu. Kampuni hiyo ilianzishwa na Bwana Frank Perkins huko Peterborough, Uingereza, mwaka 1932. Mwaka 1959 ikanunuliwa na Massey-Ferguson, na injini yake ikatiwa katika trekta ya namba 35, halafu katika 135 iliyotoka mwaka 1964. Upana wa kila silinda ni milimita 91 hivi, na mwendo wa pistoni ni milimita 127. Huwaka kwa zamu nyepesi kukumbuka: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nguvu zake ni kama za farasi 45. Ni injini isiyo na siri nyingi. Nasi twaamini kwamba hilo, kuliko nguvu zake, ndilo lililoifanya iishi.

Fundi mwema hafungui injini kabla ya kuisikiliza na kuutazama moshi wake. Moshi mweusi humwambia kwamba hewa haitoshi au dizeli imezidi. Wa buluu, kwamba oili inapita kando ya ringi na kuungua. Mweupe usiokoma, kwamba dizeli haiungui sawasawa au maji yamepenya ndani. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, basi maji yameingia, na hapo hapana ruhusa ya kuiwasha tena. Wakazi wa kando ya mto Mkondoa wanalijua hili vema tangu mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010: injini iliyolala majini haiwashwi hata kwa majaribio. Humwagwa oili na dizeli yote, nozeli hutolewa, maji hutolewa katika silinda kwa kuizungusha injini polepole kwa mkono, ndipo mengine yafuate.

Ikithibitika kwamba ringi zimekwisha, kazi huanza kwa maji na sabuni. Watu wa haraka hudharau hatua hii, kumbe vumbi lililo juu ya injini chafu ndilo litakaloanguka ndani ya injini iliyo wazi. Kila kitu kitolewacho hupangwa juu ya turubai kwa utaratibu wake, maana valvu iliyozoea kiti chake haipendi kuhamishwa. Ringi hutiwa ndani ya silinda peke yake na nafasi ya ncha zake hupimwa. Beringi za krenki hutazamwa kama zina mikwaruzo. Uso wa silinda hedi hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka. Wakati wa kufunga, bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, si kwa nguvu za mara moja. Nafasi ya valvu, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.30. Mwisho kabisa hewa hutolewa katika njia ya dizeli: kwanza penye chujio, kisha penye pampu, huku mtu akipiga kile kimkono kidogo cha pampu ya chini mpaka povu likome, kisha penye ncha za mabomba ya nozeli, injini ikizungushwa.

Yapo yasiyofanyika chini ya mwembe. Krenki iliyolika lazima iende kwa mwenye mashine ya kuichonga, na pampu ya nozeli yataka meza yake ya vipimo. Fundi anayesema aweza yote hayo kwa tupa na nyundo, mwepukeni.

Yatupasa pia kusema ni nini hasa kiuacho injini hizi, maana mara nyingi si uzee. Ni vumbi. Bakuli la oili lililo chini ya chujio la hewa lisiposafishwa wakati wa kulima ardhi kavu, mchanga huingia katika silinda na kazi ya miaka huharibika kwa msimu mmoja. Jingine ni dizeli iliyowekwa katika mapipa machafu. Na siku hizi vipuri vya bandia, ambavyo vina rangi na maandishi ya vile vya kweli, ila havina chuma chake.

Kuna wanachama wasemao kwamba sasa, ambapo treni ya umeme yapita Kilosa tangu mwaka 2024, ni aibu kuhangaika na injini za miaka sitini iliyopita. Afadhali Chama kinunue trekta mpya. Hatuwapingi katika kununua. Twauliza tu: nani atazifungua zikinyamaza mwezi wa Desemba? Mafundi waliotoka katika karakana za mkonge ni wazee. Baadhi tumekwisha wazika, na vipimo walivyovijua kichwani vimekwenda pamoja nao. Vijana watokao chuo cha VETA cha Mikumi wanajua kusoma kitabu cha mashine, lakini wengi hawajapata kusikia mlio wa beringi inayokufa. Sisi twaona ingefaa Chama kianze kwa kuwaweka pamoja watu hawa wawili, mzee na kijana, katika msimu wa kiangazi trekta zinapokuwa zimelala, na kulipa posho ya wote wawili. Kisha kinunue kwa pamoja ringi, gasketi na machujio kwa muuzaji anayeaminika, ili mwanachama mmoja mmoja asidanganywe sokoni. Na kila trekta iwe na daftari lake ndani ya kisanduku cha zana, lenye tarehe ya kumwagwa oili, tarehe ya kusafishwa kwa chujio, ukubwa wa ringi zilizotiwa, na jina la aliyezitia.