Mabawabu wa Televisheni ya Uingereza

Katika historia ya utangazaji wa Uingereza wamo watu walioingia katika mamilioni ya nyumba bila ya kupiga hodi, wakapokewa kila jioni kama jamaa, kisha wakatoweka bila ya kuagwa. Hawakuwa wasoma habari, wala waigizaji, wala waimbaji. Kazi yao ilikuwa ni ile ya baina ya kipindi na kipindi: kukitaja kinachokuja, kuomba radhi mitambo inapoharibika, na usiku kuwatakia watazamaji usingizi mwema. Walikuwa mabawabu wa televisheni. Na bawabu huonwa na kila aingiaye, lakini wachache hulijua jina lake.

Kisa chao kinaanzia Alexandra Palace, jumba lililo kilimani kaskazini mwa London, ambako BBC ilizindua huduma yake ya televisheni tarehe 2 Novemba 1936. Watangazaji walikuwa watatu: Leslie Mitchell, aliyetokea katika redio, na mabibi wawili, Jasmine Bligh na Elizabeth Cowell, waliochaguliwa miongoni mwa waombaji zaidi ya elfu moja. Matangazo yalichukua kiasi cha saa mbili kwa siku, na seti zilizoweza kuyapokea zilikuwa mia chache tu. Hata hivyo watatu hao walisimama mbele ya kamera kwa mavazi ya karamu na taadhima kamili, kana kwamba taifa zima limekaa kuwatazama. Mitambo ya aina mbili ilikuwa ikishindanishwa kwa zamu, ule wa John Logie Baird na ule wa Marconi-EMI. Katika studio moja ya Baird mtangazaji alilazimika kukaa gizani, amepakwa rangi nzito usoni, huku mwale wa mwanga ukimpitia ili sura yake ipate kunaswa.

Jambo hilo la sura si dogo. Katika redio ya BBC ya zama hizo mtangazaji hakutajwa jina; sauti ilihesabiwa kuwa ya shirika, si ya mtu. Ilibidi vita vije ndipo, mwaka 1940, wasoma habari waanze kujitaja, ili msikilizaji azitambue sauti zao na asihadaike na sauti ya adui. Watu wa televisheni, kinyume chake, walikuwa na jina na uso tangu siku ya kwanza.

Vita hivyo ndivyo vilivyoifunga televisheni tarehe 1 Septemba 1939. Ilipofunguliwa tena tarehe 7 Juni 1946, aliyetokea mbele ya kamera alikuwa Jasmine Bligh. Aliwasalimu watazamaji, akawajulia hali, kisha akawauliza kama bado wanamkumbuka. Swali hilo lilisemwa kwa tabasamu, lakini lingeweza kuulizwa na kila aliyeishika kazi ile baada yake.

Baada ya Bligh walikuja watatu waliopendwa mno. McDonald Hobley alikuwa mzaliwa wa Stanley, katika visiwa vya Falkland. Mary Malcolm alikuwa mjukuu wa Lillie Langtry, mwigizaji mashuhuri wa karne iliyotangulia. Sylvia Peters alijiunga mwaka 1947, na akiwa na umri wa miaka 27 ndiye aliyewafungulia watazamaji matangazo ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II tarehe 2 Juni 1953, siku ambayo inakadiriwa watu milioni 20 walitazama nchini Uingereza. Malkia mwenyewe alipojiandaa kutoa kwa mara ya kwanza salamu zake za Krismasi kwa televisheni, mwaka 1957, Peters ndiye aliyerekodi filamu ya kumwonyesha namna ya kuitazama kamera na kusema nayo. Ikawa bawabu amemfundisha mwenye nyumba jinsi ya kuwapokea wageni.

Kazi yenyewe haikuwa na huruma, kwani hapakuwa na kurekodi wala kufuta. Hobley anakumbukwa hadi leo kwa siku aliyotaka kumtambulisha Sir Stafford Cripps, aliyepata kuwa waziri wa fedha, irabu zikapishana mdomoni akasema “Sir Stifford Crapps”, na jina la mheshimiwa likageuka neno la chooni.

Mpenzi wa ushairi ataielewa kazi hii upesi kuliko wengine, kwani ina mizani yake. Mtangazaji hukaa katika chumba kidogo, mbele yake maikrofoni, saa na orodha ya vipindi. Akipewa sekunde kumi na mbili, ni kumi na mbili. Neno moja likizidi, litamezwa na muziki wa kipindi kinachoanza, na moja likipungua, litaacha kimya kitakachowashtua watazamaji. Lazima apime maneno kama mtunzi apimavyo mishororo, ila yeye hana nafasi ya kurudi nyuma kurekebisha kina. Na filamu ikikatika, hutakiwa aseme bila ya kuandikiwa, kwa utulivu, hadi mafundi wamalize kazi yao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 BBC iliziondoa nyuso hizo. Ikabaki sauti tu, na kuanzia mwaka 1963 picha ya tufe la dunia likizunguka. Katika kipindi hicho hicho Nan Winton, mtangazaji wa BBC, alipewa nafasi ya kusoma habari za taifa katika televisheni mwaka 1960, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika shirika lake. Haukupita muda mrefu akaondolewa, kwa hoja kwamba watazamaji hawakuona inafaa mwanamke kusoma habari. Mwanamke aliruhusiwa kufungua mlango, asiruhusiwe kuketi barazani. Ilipasa kungoja hadi mwaka 1975 ndipo Angela Rippon aisome habari ya taifa ya BBC kwa kudumu.

Nyuso zilipata hifadhi kwa upande wa pili, katika ITV, iliyoanza tarehe 22 Septemba 1955, na sauti ya ufunguzi ikawa ya Leslie Mitchell yule yule. ITV ilikuwa mkusanyiko wa kampuni za mikoa, kila moja na watangazaji wake. Huko kusini-magharibi, kampuni ya Westward, na baadaye TSW, iliwapa watangazaji wake mwenza, sungura wa kikaragosi aitwaye Gus Honeybun, aliyewaruki-rukia watoto kuwapongeza kwa siku zao za kuzaliwa kuanzia mwaka 1961 hadi 1992. Mtangazaji wa mkoa alikuwa jirani: alikutana na watazamaji wake sokoni, na usiku aliwakumbusha kuzima seti kabla ya kulala.

Lakini ujirani huo ulitegemea leseni, na leseni zilikuwa na mwisho. Redvers Kyle, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, aliyekuwa sauti ya kampuni ya Rediffusion jijini London, alihamia Yorkshire pale kampuni zilipopangwa upya mwaka 1968, akaendelea huko hadi miaka ya 1990. Huyo alikuwa na bahati. Mwisho wa mwaka 1992 Thames, TVS na TSW zilifunga milango, na tarehe 28 Oktoba 2002 karibu mikoa yote ya Uingereza na Wales ikaunganishwa chini ya jina moja la ITV1, sauti zikitoka London. Watu waliojulikana kwa majina katika miji yao kwa miaka mingi hawakuwa tena na kazi ya kufanya.

Si kwamba mlango ulifungwa kabisa. Tarehe 2 Novemba 1982, miaka 46 kamili tangu siku ile ya Alexandra Palace, sauti ya kwanza ya Channel 4 ilikuwa ya Paul Coia, kijana wa Glasgow mwenye lafudhi ya Kiskoti. Mwaka 1985 BBC iliurejesha uso kwa ajili ya watoto, ndani ya kichumba kile kile cha watangazaji, kidogo hata kikaitwa kabati la mafagio. Na hadi leo BBC One ina sauti ya kuunganisha vipindi vyake.

Lakini njia nyingi sasa huyarekodi maneno mapema, na anayetazama kwa intaneti hakaribishwi wala haagwi. Kipindi kimoja kikimalizika, kingine hujianzia chenyewe. Jasmine Bligh aliwauliza watazamaji wake kama wanamkumbuka, nao walikuwapo wa kumjibu. Kile kinachojianzia chenyewe hakimuulizi mtu neno.